Barua ya Mtaa

Makambako, Jumamosi 30 Novemba 2024

Mvua haijakatika tangu alfajiri, umeme unakuja na kuondoka. Wateja wachache. Kijana mmoja wa kikundi cha wakulima wa parachichi ameniletea barua ya mtendaji wa mtaa wao, imegongwa mhuri vizuri, anataka niigeuze Kiingereza. Mnunuzi wao wa Ulaya anataka kikundi kitambulishwe na "local government" ya kwao. Nikaiona kazi ya dakika tano. Local government si serikali ya mtaa? Na tumetoka kuichagua Jumatano hii hii, wino kidoleni haujafutika. Nikachapa, nikapokea elfu tatu yangu, kijana akaenda.

Jumanne, 3 Desemba

Amerudi, simu mkononi.

"Shikamoo mzee. Wamekataa."

Mnunuzi anasema barua imetoka kwa uongozi wa mtaa, yeye anataka ya "council". Kijana akaniuliza council ni nini. Nikamwambia ni baraza. Baraza gani? La wazee? La kata? Nikakwama, mimi niliyebandika mlangoni kibao cha "Tunatafsiri". Nimemrudishia elfu tatu yake, maana kosa ni langu.

Usiku

Sikulala mapema. Kwa Mwingereza, council ni neno moja kwa vitu viwili: watu waliochaguliwa wanaokaa na kuamua, na chombo chenyewe chenye ofisi, wafanyakazi na magari ya taka. Sisi tumevitenganisha, na nadhani tumewazidi. Wanaokaa ni baraza la madiwani. Chombo ni halmashauri, na ndani ya jina hilo shauri bado linasikika, hata siku ambayo hakuna aliyetushauri.

Tulipojikwaa ni kwenye lile jina kubwa. Katiba, ibara ya 145, inataka vyombo vya Serikali za Mitaa viwepo katika kila mkoa, wilaya, mji na kijiji. Halmashauri zimo humo, Sheria Na. 7 ya 1982 ni ya mamlaka za wilaya na Na. 8 ni ya mamlaka za miji. Kwa hiyo Jiji la Mbeya na magorofa yake ni serikali ya mitaa. Lakini mwambie mtu wa hapa stendi "nenda serikali ya mtaa", atakwenda kwa mwenyekiti kutafuta mhuri wa kufungulia akaunti benki. Hatakosea. Uchaguzi wenyewe tunaouita wa Serikali za Mitaa unatupa wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji pamoja na wajumbe wao. Diwani hayumo. Neno lilishonwa kama koti la mtu mzima, tukamvalisha mtoto, na mtu mzima akabaki bila nguo.

Na vyeo navyo! Halmashauri ya mji haina meya; meya ni wa manispaa na majiji. Anayeongoza madiwani wetu anaitwa mwenyekiti, kama yule wa mtaani kwangu. Mzungu akiandikiwa "chairman" atajuaje ni yupi?

Njombe, Alhamisi 5 Desemba

Nimekuja kununua karatasi na wino. Baridi ya huku haijali kwamba ni Desemba. Safari ni kama kilomita 60, na nimeipima leo kwa jicho jingine: nimetoka Halmashauri ya Mji Makambako, nikapita Mtwango iliyo ya Halmashauri ya Wilaya ya Njombe, nikaingia Halmashauri ya Mji Njombe. Halmashauri tatu, wilaya moja, mkuu wa wilaya mmoja.

Huyo mkuu tunamwita DC. Na Halmashauri ya Wilaya kwenye karatasi za serikali huandikwa Njombe DC. Kwenye Hiace abiria mmoja alisema DC amefunga geti la ushuru. Wawili wakabishana hadi stendi kama ni mtu au ni ofisi. Mmoja huteuliwa na Rais, nyingine ina madiwani wa kuchaguliwa. Ukishindwa kuzitofautisha hujui malalamiko yako uyapeleke wapi.

Makambako, Jumapili 8 Desemba

Kanisani mchungaji ametangaza harambee ya mtaa. Nikatabasamu peke yangu. Kwetu KKKT mtaa ni tawi la usharika, hata kijijini kusikokuwa na barabara yenye jina. Huenda waliochagua "mitaa" kwa ajili ya "local" walikuwa na maana pana kama hiyo, ya mahali watu wanapoishi. Nitamuuliza mzee wangu, yeye anakumbuka halmashauri zilipofutwa mwaka 1972 na zilivyorudi mwaka 1984.

Jumatano, 11 Desemba

Kijana amepata barua. Nilimwelekeza kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, ndiko kikundi chao kilikosajiliwa. Safari hii nimeandika "Makambako Town Council", na chini yake, kwa herufi ndogo, nikaeleza mtaa ni nini. Pesa sikuchukua.

Diwani tutamchagua Oktoba mwakani, siku moja na Rais na mbunge. Siku hiyo hakuna atakayesema anakwenda kuchagua serikali ya mtaa.