Bustani Isiyopandwa na Mtu

Je, umewahi kutembelea bustani ya mimea? Hapo ni mahali ambapo miti na maua ya aina nyingi hutunzwa ili watu wayaone na wajifunze. Bustani moja ya zamani iko Amani, wilayani Muheza, mkoa wa Tanga. Wajerumani waliianzisha mwaka 1902. Walipanda miti kutoka nchi nyingi.

Sisi wa Morogoro tunayo bustani kubwa kuliko hiyo. Haikupandwa na mtu. Ni msitu wa milima ya Uluguru.

Nilikwenda huko mwezi wa Juni. Masika yalikuwa yamekwisha na kipupwe kimeanza. Nilifuatana na wakulima 12 wa bondeni. Kijito wanachotumia kumwagilia mboga kilikuwa kimepungua. Waliniambia, "Bwana shamba, watu wa mlimani wanatuibia maji." Nikawajibu, "Twendeni tukaone."

Njiani

Tuliondoka mjini alfajiri. Tulipanda kwa njia ya Morningside, mahali penye nyumba ya zamani iliyojengwa wakati wa Wajerumani. Tulikutana na akina mama wakishuka sokoni na matenga ya kabichi, karoti na ndizi. Mteremko ni mkali. Ukisimama shambani unaona paa la nyumba ya jirani chini ya miguu yako.

Tulifika kwenye shamba moja la maharage. Matuta yake yalielekea bondeni. Mvua za masika zilikuwa zimechimba mifereji ya kufika magotini. Udongo mweusi ulikwisha kwenda mtoni, ukabaki mwekundu.

Shamba la pili lilikuwa jirani kabisa. Hapo matuta yalikata mteremko. Kingoni palikuwa na majani ya tembo, na katikati migomba na miparachichi. Udongo wake ulikuwa mweusi na laini. Mvua ni ile ile, mlima ni ule ule.

Ndani ya msitu

Msitu huu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008. Huingii bila kibali. Tulikipata, na mlinzi wa msitu akatuongoza.

Ndani kuna baridi na giza kidogo. Tuliona kangaga warefu kama migomba. Magogo yamefunikwa na mimea mifupi, laini kama manyoya ya kifaranga. Mimea hiyo hushika ukungu na kuufanya maji. Mlinzi alituambia kuwa katika milima hii wamo ndege wasiopatikana penginepo duniani. Yamo pia maua ambayo jamaa zake hupandwa katika vyungu huko Ulaya, na watu huyanunua kwa fedha.

Mzee mmoja wa kundi letu aliinama. Alichota majani yaliyooza, akayakamua. Maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akasema, "Kumbe ghala la maji yetu liko hapa."

Alisema kweli. Mvua ikinyesha msituni, majani ya miti huyapokea matone, yasipige ardhi kwa nguvu. Udongo huyanywa maji, kisha huyatoa polepole. Kwa hiyo mto hutiririka hata wakati wa kiangazi. Maji ya Uluguru huingia mto Ngerengere na mto Ruvu. Watu wa Dar es Salaam nao huyanywa.

Jibu la mama

Wakati wa kurudi tulimkuta mwenye lile shamba la maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu."

Nilimwuliza kwa nini hakupanda miti kama jirani yake. Alijibu, "Shamba hili nimeazimwa. Nikipanda mti, wenyewe watasema nataka kuwanyang'anya ardhi."

Nilinyamaza. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mti wa kudumu ni alama ya mwenye shamba. Kwa miaka mingi nimewaambia watu, "Pandeni miti." Sikuwa nimeuliza hata mara moja shamba ni la nani.

Nilikumbuka habari za zamani. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito. Mahali pengine udongo mbaya wa chini ulifukuliwa juu, na mazao hayakustawi. Mwaka 1955 watu walikataa. Huko Matombo ghasia zilitokea na mtu mmoja aliuawa. Kuzuia mmomonyoko hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuamrisha bila kusikiliza.

Basi tuliketi chini tukazungumza. Majani ya kingoni si mti wa kudumu. Hayamnyang'anyi mtu ardhi. Mama alikubali kugeuza matuta yake na kupanda majani hayo. Watu wa bondeni waliahidi kuleta vipando na kumsaidia kulima siku moja. Habari ya miti alisema ataipeleka kwa wazee wa ukoo wenye shamba. Nami niliahidi kufika siku hiyo. Wakikubali, makubaliano yataandikwa, ili pasiwe na ugomvi baadaye.

Kijito bado hakijajaa. Udongo uliopotea kwa miaka mingi haurudi kwa msimu mmoja. Lakini siku ya kugeuza matuta watu wa bondeni walipanda mlimani na majembe yao. Neno la kuibiwa maji sijalisikia tena.

Maswali ya kuzungumza

1. Maji ya kijiji chako yanatoka wapi? Nani analima karibu na chemchemi yake?

2. Matuta ya shamba lako yanakata mteremko au yanaufuata?

3. Kijijini kwako, mtu aliyeazimwa shamba anaweza kupanda mti? Kama hawezi, mfanyeje?