Nyumba za Mexico ndani ya vitabu adimu: ushahidi wa mafundi waliosahauliwa

 

Msafiri Muislamu anapotaja miji aliyoizuru kwa ajili ya turathi za Kiislamu, tumezoea kusikia Cairo, Istanbul, Baitul-Maqdis na Granada. Ni nadra kusikia Mexico. Nchi hiyo haijapata kutawaliwa na Waislamu hata siku moja. Waislamu wake ni wachache mno, na msikiti wa Suraya katika mji wa Torreón, unaohesabiwa kuwa wa kwanza kujengwa nchini humo, ni wa mwaka 1989 tu. Hata hivyo, tuliokwenda huko kutafuta vitabu vya kale vyenye picha za nyumba na kazi za mikono tulirejea na yakini moja: taathira ya fundi Muislamu imo katika kuta, dari na vyombo vya nchi ile, na lau si vitabu hivyo, sehemu kubwa ya ushahidi huo ingekwishapotea.

Mtaa wa vitabu

Katikati ya Mexico City, mji uliojengwa mita zipatazo 2,240 juu ya usawa wa bahari, upo mtaa uitwao Donceles. Maduka yake ya vitabu vilivyokwishatumika yamepangana moja baada ya jingine, na rafu zake zimepanda hadi darini. Siku ya Jumapili watafutaji huhamia soko la Lagunilla, ambako vitabu hupangwa pamoja na saa za kale, fremu za picha na vyombo vya shaba.

Anayekusanya vitabu vya fani hii hutafuta majina machache yanayojulikana. La kwanza ni Sylvester Baxter, Mmarekani aliyechapisha mjini Boston mwaka 1901 kitabu cha juzuu 10 juu ya majengo ya Mexico ya zama za utawala wa Wahispania. Juzuu moja ni ya maelezo. Nyingine zimejaa picha zilizopigwa na Henry Greenwood Peabody, na ramani za majengo zilichorwa na Bertram Goodhue. Huyu Goodhue baadaye alisanifu majengo ya maonyesho makubwa ya San Diego ya mwaka 1915, na mtindo ule ukaenea katika nyumba nyingi za California. Basi kitabu kinaweza kuhamisha nyumba kutoka nchi moja hadi nyingine bila ya kubeba jiwe hata moja.

La pili ni Edwin Atlee Barber, aliyeandika juu ya vyombo vya udongo vya Mexico mwaka 1908. Kisha yupo Gerardo Murillo, aliyejiita Dr. Atl, ambaye mwaka 1921, nchi yake ilipokuwa ikiadhimisha miaka 100 ya uhuru, alitoa kitabu juu ya sanaa za watu wa kawaida: wafumaji, wafinyanzi, wachongaji na wasuka vikapu. Kabla ya hapo, wengi wa wasomi wa mjini waliziona kazi hizo kuwa ni vitu vya maskini visivyostahiki kuandikwa. Katika zama za karibu zaidi wapo Verna Cook Shipway na mumewe Warren, ambao kuanzia mwaka 1960 walitoa mfululizo wa vitabu vya nyumba za Mexico. Vitabu vyao vinaonyesha milango, ngazi, meko, madirisha ya chuma na nyua za ndani, kwa picha na michoro ambayo fundi anaweza kuifuata.

Uadimu una mtihani wake. Wako wauzaji wanaochana kurasa za picha na kuziuza mojamoja, kwani picha 20 zilizotengwa huweza kuleta fedha nyingi kuliko kitabu kizima. Kwa hiyo mnunuzi mwenye uzoefu haanzi na jalada. Huanza kwa kuhesabu kurasa za picha na kulinganisha na orodha iliyochapwa mwanzoni. Hapo tulikumbuka kisa mashuhuri cha Mtume (s.a.w.) kuingiza mkono wake katika rundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu uliofichwa chini, akamkemea muuzaji. Kitabu kilichopungua kurasa nacho ni rundo lenye unyevu chini yake.

Maneno yaliyobaki ukutani

Kitabu tulichokithamini kuliko vyote si kikubwa kwa umbo. Ni kile cha Manuel Toussaint, mwanahistoria wa sanaa wa Mexico, kilichochapishwa mwaka 1946 juu ya sanaa ya mudéjar katika bara la Amerika. Neno mudéjar asili yake ni Kiarabu, mudajjan, nalo lilitumika kwa Waislamu wa Andalusia waliobaki chini ya watawala Wakristo baada ya miji yao kutekwa. Wengi wao walikuwa waashi, maseremala na wafinyanzi, na waliowashinda waliendelea kuwapa kazi kwa sababu hawakuwa na mafundi bora kuliko wao.

Granada ilianguka mwaka 1492, na mji mkuu wa Waazteki ukatekwa na Wahispania mwaka 1521, miaka 29 tu baadaye. Wafalme wa Hispania walipiga marufuku Waislamu, na hata waliobatizwa wakiwa na asili ya Uislamu, kuvuka kwenda nchi hizo mpya. Mtu alizuiwa bandarini, lakini ufundi ulipita, kwa kuwa ulikuwa tayari umekaa mikononi mwa mafundi wa Kihispania. Nao ulipofika ulikutana na ufundi wa wenyeji, waliokuwa wakijenga kwa matofali ya udongo karne nyingi kabla ya Mhispania kutia mguu. Haki inatutaka tuseme wazi kwamba waliobeba mawe na kupanga matofali kwa wingi walikuwa wenyeji hao, mara nyingi kwa kulazimishwa.

Picha na maelezo ya vitabu hivi humwonyesha msomaji pa kutazama: dari ya mbao yenye nyota katika kanisa la San Francisco mjini Tlaxcala, chemchemi ya matofali ya Chiapa de Corzo, iliyojengwa mwaka 1562, na kanisa la Capilla Real mjini Cholula, lenye kuba 49, ambalo nguzo zake zilizopangwa safu kwa safu humkumbusha kila mwenye kulitazama Msikiti Mkuu wa Cordoba.

Lugha nayo inashuhudia. Tofali la udongo Mexico huitwa adobe, kutokana na at-tub. Kigae cha ukutani ni azulejo, kutokana na az-zulayj. Mwashi ni albañil, yaani al-banna. Kisima cha kuhifadhia maji ni aljibe, kutokana na al-jubb, neno lile lile lililotumika katika Surat Yusuf kwa kisima alichotupwa Nabii Yusuf (a.s.). Mfinyanzi ni alfarero, kutokana na al-fakhkhar, neno tunalolisoma katika Surat ar-Rahman. Mtu hujenga nyumba yake huko kwa maneno ya Kiarabu, bila ya kujua.

Puebla na udongo wake

Kutoka Mexico City hadi Puebla ni mwendo wa saa mbili hivi kwa basi, mlima wa volkano wa Popocatépetl ukiwa upande mmoja. Mji huu, ulioasisiwa mwaka 1531, ndio makao ya vyombo na vigae viitwavyo talavera. Udongo wa aina mbili huchanganywa, huchujwa, huachwa ukakomaa, kisha hufinyangwa na kuchomwa. Baadaye chombo huchovywa katika rangi nyeupe iliyotengenezwa kwa bati na risasi, huchorwa kwa buluu ya kobalti na kurudishwa tanuri. Ufundi huu wa rangi nyeupe ya bati Ulaya iliupokea kutoka kwa Waislamu, na Barber alitenga katika kitabu chake sehemu ya vyombo vyenye nakshi za Kimoor. Kanuni za chama cha mafundi wa Puebla za mwaka 1653 zilimtaka kila fundi aweke alama yake, ili kazi mbovu isiuzwe kwa jina la mwingine. Enrique Cervantes alikusanya habari hizi katika juzuu mbili mwaka 1939, nazo leo hazipatikani kwa urahisi.

Familia itakayojaaliwa kufika huko iulize kuhusu chakula: maharage ya kukaangwa mara nyingi hupikwa kwa mafuta ya nguruwe. Samaki, matunda na chapati za mahindi hupatikana kwa wepesi, ila chapati nazo ziulizwe. Kazi nyingi za mikono zimejaa sanamu na itikadi zisizo zetu. Tulitazama ufundi tukaacha itikadi.

Nyumba hufa, kitabu hubaki

Tarehe 19 Septemba 2017 tetemeko la ardhi liliharibu makanisa na nyumba nyingi za kale katika majimbo ya Puebla na Morelos. Nyumba za adobe zilizoanguka, nyingi zilijengwa upya kwa matofali ya saruji. Pale palipotakiwa kurudisha jengo kama lilivyokuwa, picha na mchoro wa zamani ndivyo humwongoza fundi. Kitabu kilichoonekana kuwa pambo la sebuleni kikawa hati ya umiliki wa kumbukumbu ya watu.

Nasi tunalo la kujiuliza. Bakuli za Kichina zilizovuka Bahari ya Pasifiki kutoka Manila hadi Acapulco na kuwafunza wafinyanzi wa Puebla buluu yao ni ndugu wa zile zilizopachikwa katika makaburi ya Kunduchi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Unguja, na kila mmoja akaanza kutafuta picha. Lakini nyumba ya bibi yenye zidaka na boriti za mikoko, mlango wa nakshi uliouzwa kwa mgeni, mihrabu ya msikiti wa mtaa iliyovunjwa ili kuwekwa vigae vya kisasa, nani amevipiga picha? Nani ameandika jina la fundi?

Wasio na fedha za kununua vitabu adimu wajue kwamba vya Baxter na Barber vimewekwa kwenye intaneti na husomwa bure. Lililo wajibu wetu ni dogo na liko ndani ya uwezo wetu: kila kamati ya msikiti, kabla ya kubomoa, ipige picha, ipime, iandike jina la mwashi na la aliyetoa wakfu, na nakala iwekwe maktaba. Mafundi wa Andalusia hawakuachiwa nafasi ya kuandika majina yao. Sisi tunayo nafasi hiyo.