Mahati na Hati

Mahati na hati ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yamechipuka katika shina la Kiarabu lenye maana ya mstari, na pia ya mwandiko. Hati yajulikana kwa kila aliyepita chuoni. Mahati ni mali ya maseremala: kijiti chenye ncha ya chuma, kilichopenyezwa katika kipande cha ubao na kukazwa kwa kabari, ili kichore mstari ulio sambamba na ukingo.

Mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, seremala asiyemudu bei ya dukani hujifulia vyombo vyake mwenyewe. Msumari ulionolewa kwa tupa huwa ncha ya mahati. Kipande cha msumeno uliochakaa huwa kisu cha kuchorea. Chuma hicho hutiwa motoni, kikaachwa kipoe polepole hadi kilainike, kisha kikanolewa upande mmoja tu. Wa pili hubaki bapa, upate kulala sawasawa ubavuni mwa guni. Hurudishwa motoni mpaka kiive wekundu na sumaku isiweze kukinasa, ndipo kitoswe katika mafuta. Kikitoka ni kigumu, lakini chepesi kuvunjika mithili ya kioo. Basi husuguliwa kikang'aa, kikapashwa moto taratibu, hata rangi ya nyasi kavu itambae juu yake. Asiyeingojea rangi hiyo, kisu chake humvunjikia mkononi.

Na guni je? Atajuaje kuwa pembe yake imenyooka, naye hana nyingine ya kuilinganisha? Huiegemeza kwenye ukingo ulionyooka, akachora mstari; huigeuza, akachora tena pale pale. Mistari ikilaliana, guni ni sawa. Ikiachana, pengo lililo baina yake ni kosa lile lile maradufu. Chombo hujitolea ushahidi chenyewe, na aliyejifunza bila mwalimu hupata wa kumsahihisha.

Yote hayo ni kwa ajili ya mstari mmoja. Mstari wa penseli una unene, na patasi haijui ikate upande upi. Kisu hukata nyuzi za mbao, kikaacha mfuo mwembamba ambamo patasi hutua bila kuyumba; ulimi ukaingia tunduni, ukatulia.

Mwenye hati akikosea, hufuta akaandika upya. Mwenye mahati akikosea, ubao umekwisha. Nao ubao hudai ubao mwingine, na huo hudai mti. Mninga hukomaa kwa miongo mingi. Na misitu ya Uluguru, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, ndiyo inayolea vijito vya mto Ruvu, uwapao maji wakazi wa Dar es Salaam. Wahenga waliponena kwamba maji yakimwagika hayazoleki, hawakuwa wakizungumza juu ya useremala. Lakini chini ya milima ile, ubao ukikatwa vibaya, methali hiyo huwa ni maji kweli.