Mamanju Wawili katika Ua Mmoja

Katika Usukuma ngoma aghalabu haichezwi peke yake. Huchezwa ngoma mbili zikitazamana. Tangu enzi za Ngika na Gumha, ambao masimulizi huwataja kuwa waasisi wa Bagika na Bagalu, mamanju wa pande hizo mbili husimama katika uwanja mmoja, saa ile ile, baada ya mavuno, na hakimu wao ni miguu ya watu. Atakayevuta umati mkubwa zaidi ndiye mshindi. Ndiyo maana manju hujihami kwa dawa, kwa vichekesho, na wengine hata kwa kuingia uwanjani na chatu. Wimbo mzuri peke yake huenda usitoshe.

Wasukuma walipohamia nchi ya Mpanda kutafuta malisho na mashamba, ngoma hizo zilifuatana na ng'ombe wao. Lakini nchi ile ilikuwa na wenyewe, wakiwamo Wabende na Watongwe, na si siri kwamba kwato na mashamba vimewagombanisha watu mara nyingi, tangu Mpanda ilipokuwa katika Mkoa wa Rukwa hata baada ya Mkoa wa Katavi kuundwa mwaka 2012.

Basi tulipofika Sibwesa msimu mmoja wa kiangazi, tuliambiwa kwamba jioni ile wangeimba vijana wawili uani kwa mwenyeji wetu. Mmoja alikuwa kijana wa Kisukuma mwenye zeze. Mwingine binti wa Kibende asiye na ala yoyote ila sauti yake na makofi ya dada zake. Wote wawili walijitungia nyimbo zao wenyewe, na wote wawili walikuwa bado hawajulikani. Hakuna aliyeweza kuwakusanya watu peke yake, ndipo wakakubaliana kugawana usiku mmoja. Walikuja watu thelathini hivi, kila mtu na kigoda chake, na karanga za kuchemsha zikapitishwa katika ungo.

Mchana wa siku ile binti alitujia na daftari. "Shikamoo, baba," akasema. "Nimesikia wewe ni mshairi. Nisahihishie kabla sijaimba."

Hapana budi tukiri jambo. Zamani, tulipokuwa afisa mdogo wa utamaduni katika wilaya moja ambayo hatutaitaja, manju mmoja mtu mzima alituletea wimbo wake kabla ya ziara ya wakubwa. Ulikuwa na ubeti juu ya mahindi yaliyooza ghalani kwa kukosa gari. Hatukuagizwa na mtu. Kwa kalamu yetu wenyewe tuliufuta, tukaandika mahali pake ubeti wa kukaribisha wageni, wenye vina safi kabisa. Manju aliuimba kama tulivyoandika, akashangiliwa. Na tangu siku hiyo hakutuletea wimbo mwingine, wala hatukusikia tena kwamba ametunga.

Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alitaka Mtanganyika azionee fahari ngoma zake. Sisi watumishi tuliofuata baadaye tulizoea kuzitafuta ngoma hizo penye jukwaa na vipaza sauti. Mwaka 1988, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Elias Songoyi aliwaandikia tasnifu mamanju wawili, Kalikali na Mwinamila: mmoja aliyeikosoa serikali, na mwingine aliyeisifu. Sisi katika kazi yetu tulijua namna ya kumkaribisha wa pili tu. (Mwinamila alikuwa fundi hasa, hatusemi kwamba sifa ni sanaa duni.)

Tulilifungua daftari la binti. Katika wimbo wa tatu palikuwa na ubeti juu ya kisima: ng'ombe hunywa alfajiri, na akina mama huja nyuma yao kuteka tope. Kizani pa ua ule wangeketi wenye ng'ombe. Kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati. Tulimrudishia daftari, tukamwambia kwamba neno moja tu limeandikwa vibaya, nalo halisikiki katika kuimba.

Kijana alitangulia. Aliimba juu ya baba yake, aliyeuza fahali ili kupata nauli ya kuhama, na jinsi mama alivyoendelea kuliita jina la fahali yule kila jioni. Katikati waya wa zeze ulilegea, akasita, akamaliza bila zeze, na hapo ndipo tulipomsikia vizuri. Uwanjani watu wangekwisha kimbilia upande wa pili. Ua ule haukuwa na upande wa pili.

Kisha binti akasimama. Alipofika kisimani, makofi ya dada zake yalififia, kama watu waliokumbuka ghafla wako nyumbani kwa nani. Yeye hakufifia. Kijana alikuwa ameinama akikaza waya wake, nao mkono ukasimama. Wimbo ulipokwisha hapakuwa na kelele wala kigelegele, bali kikohozi tu kutoka upande wa ukuta. Alikuwa mzee wa Kisukuma, mwenye mifugo mingi kwa tulivyoambiwa.

"Mjukuu wangu," akasema, "pale pa kisima sikusikia sawasawa. Hebu rudia."

Binti alitutazama sisi kwanza, kisha akarudia.