Zumaridi za Wafalme na Pete ya Bwejuu

Katika vito ambavyo wafalme wa dunia wamevipenda, zumaridi ina daraja yake. Almasi hung'ara zaidi, na lulu hutoka baharini ikiwa tayari bila ya kuchongwa. Lakini zumaridi ina rangi ya kijani ambayo macho hayachoki kuitazama, na kwa ajili ya rangi hiyo watu wamesafiri, wamenunua, wamepora na hata wameuana. Wataalamu wa mawe wanatwambia kwamba zumaridi ni jiwe la jamii ya berili, na kwamba ukijani wake watokana na kiasi kidogo cha kromi au vanadi kilichoingia ndani yake lilipokuwa likiumbika ardhini. Ni gumu kuliko kioo, lakini aghalabu lina mipasuko midogo ndani, kwa hiyo fundi asiye na hadhari hulivunja.

Huenda msomaji akauliza, mwanafunzi wa kijijini ana habari gani na vito vya wafalme? Kwetu ni Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja, upande wa pili wa Paje ukielekea Michamvi. Watu wa kwetu wanajulikana kwa uvuvi, kwa kamba za makumbi na kwa kilimo cha mwani, wala si kwa zumaridi. Lakini bibi yangu mzaa mama ana pete ya fedha yenye jiwe la kijani, kubwa kama punje ya hindi. Tangu udogo wetu tumesikia kwamba pete hiyo ilitoka katika jumba la Sultani: bibi yake Bibi alikuwa msusi wa mikeka, akapeleka mkeka mjini, na bibi mmoja wa jumbani aliupenda mno hata akavua pete kidoleni akampa.

Mwaka jana dada yangu alipata nafasi ya kusomea uuguzi. Furaha ilikuwa kubwa, lakini ada ya mwaka wa kwanza haikuwapo, na majibu yalitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Wajomba wakakutana. Mjomba mkubwa alisema zumaridi iuzwe, kwani jiwe haliponyeshi mgonjwa lakini muuguzi huponyesha. Mjomba mdogo alikataa kabisa, akasema kuwa kitu cha kifalme kikishatoka katika ukoo hakirudi. Bibi alinyamaza. Hatimaye Mjomba mkubwa akanigeukia, akasema, "Wewe ndiye usomaye. Tutafutie asili ya jiwe hili, tujue tunalouza au tunaloweka." Hivyo ndivyo nilivyoingia katika habari hii, nikisoma maktaba na kuuliza walimu kwa muda wa wiki mbili. Haya ndiyo niliyoyapata.

Zumaridi za kale zilichimbwa katika jangwa la mashariki ya Misri, na Warumi walizijua sana. Katika karne ya 16 Wahispania waliingia nchi ambayo leo ni Kolombia, wakakuta watu wa huko wakichimba zumaridi bora kuliko zote zilizokuwa zikijulikana. Waliwafanyisha wenyeji kazi ngumu machimboni, na mawe yakapelekwa Ulaya, kisha mengi yakauzwa Asia. Soko kubwa lilikuwa Bara Hindi, kwa sababu wafalme wa Kimoguli waliipenda zumaridi kupita kiasi. Iko moja yenye uzito wa karati 217.80, imechongwa dua kwa maandishi ya Kiarabu na tarehe ya mwaka 1107 wa Hijra, yaani 1695 au 1696. Jiwe hilo lilitoka Kolombia, likachongwa India, likauzwa mnadani London mwaka 2001, na baadaye likawekwa katika makumbusho ya Doha, Qatar. Hebu fikiri safari ya jiwe moja.

Mwaka 1739 Nadir Shah wa Uajemi aliuteka mji wa Delhi, akabeba hazina za Wamoguli. Miaka minane baadaye Sultani Mahmud wa Kwanza wa Uturuki alimpelekea zawadi, na miongoni mwake ilikuwamo jambia yenye zumaridi tatu kubwa katika mpini wake. Wajumbe walikuwa njiani walipopata habari kuwa Nadir Shah ameuawa. Wakarudi na jambia yao, na mpaka leo imo katika jumba la Topkapi, Istanbul.

Habari ya Nadir Shah yatuhusu sisi wa Zanzibar zaidi ya tunavyodhani. Majeshi yake yaliingia Oman mwaka 1737, na aliyesimama imara katika mji wa Sohar dhidi yao ni Ahmad bin Said. Kwa ushujaa huo watu walimfanya kuwa Imamu, na ndiye aliyeanzisha ukoo wa Al Busaid. Seyyid Said bin Sultan, aliyeihamishia enzi yake Unguja, alikuwa mjukuu wake.

Seyyid Said alielewa vizuri kazi ya vito katika mambo ya dola. Mwaka 1840 aliituma merikebu yake Sultana mpaka New York, ikiongozwa na Ahmad bin Naaman. Ilifika tarehe 30 Aprili, na ndani yake zilikuwamo zawadi za Rais Van Buren: farasi wa Kiarabu, lulu, mashali ya Kashmiri, marashi ya waridi na upanga wenye dhahabu. Sheria ya Marekani haimruhusu Rais kupokea zawadi ya mfalme bila ya idhini ya Bunge. Kwa hiyo Bunge liliamua zawadi zipokewe kwa ajili ya taifa, na farasi wakauzwa. Lulu zilihifadhiwa, na sasa zimo katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington.

Mwaka 1842 Sultana ilikwenda London. Mjumbe wa safari hiyo alikuwa Ali bin Nasir, na zawadi alizochukua kwa Malkia Victoria ziliandikwa: mikufu miwili ya lulu, zumaridi mbili, pambo lililofanywa mfano wa taji, mashali kumi ya Kashmiri, sanduku la chupa nne za marashi, na farasi wanne. Nilipoyaona maneno "zumaridi mbili" nilisimama nikamsomea mwalimu kwa sauti. Basi ni kweli kwamba zumaridi zilikuwa mikononi mwa watawala wetu, wala habari hiyo si hadithi ya kubembelezea watoto.

Lakini haitupasi kuzisifu johari hizo bila ya kuuliza zililipwa na nani. Utajiri wa enzi ile ulitokana na karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watu. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalihudumiwa na watumwa, na utumwa haukuondolewa kisheria hapa mpaka mwaka 1897, zaidi ya miaka arobaini baada ya Seyyid Said kufariki. Lulu nazo zilitolewa na wapiga mbizi wa Ghuba waliohatarisha roho zao. Orodha za wafalme humtaja aliyetoa na aliyepokea. Mchimbaji, mchumaji na mpiga mbizi hawamo.

Aliyetuachia picha nzuri ya vito vilivyovaliwa jumbani ni Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, na mwaka 1886 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake. Humo aeleza kwamba mtoto wa kike alipotimiza siku saba alitobolewa matundu sita katika kila sikio, yakatiwa nyuzi za hariri nyekundu, na baadaye vipuli vya dhahabu. Iko picha yake iliyopigwa Hamburg, amevaa mavazi na mapambo ya kwetu katika nchi ya baridi. Alifariki Jena mwaka 1924. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jumba la Sultani lilikuwa mali ya umma, na makumbusho yaliyofunguliwa humo mwaka 1994 yalitenga chumba kwa ajili ya kumbukumbu ya Bibi huyu.

Baada ya kusoma hayo ilibaki kazi moja: jiwe lenyewe. Mjomba mkubwa na mimi tulipanda daladala ya asubuhi mpaka mjini, pete imefungwa katika pindo la leso ya Bibi, tukaingia kwa sonara mmoja mzee. Aliitia jichoni mwake lenzi, akaligeuza jiwe mara tatu. Kisha alinipa na mimi nitazame.

"Unaona nini, kijana?" akaniuliza.

"Naona vitu vidogo vya mviringo, mzee, kama mapovu."

"Hayo ni mapovu kweli. Zumaridi ina mipasuko na mawingu ndani, wala haina mapovu. Povu huingia katika kitu kilichoyeyushwa motoni. Na tazama kingo zake zilivyolika. Zumaridi haliki hivi. Hiki ni kioo, lakini fedha yake ni nzuri, na aliyeifua alijua kazi."

Mjomba hakusema neno mpaka tulipofika Darajani. Hapo alisema tu, "Tutamwambiaje mama?"

Njiani nilikumbuka jambo nililolisoma. Mjini Genoa, Italia, kuna bakuli la kijani lililochukuliwa na wapiganaji wa Msalaba kutoka Kaisaria mwaka 1101. Kwa karne nyingi watu waliamini kuwa ni zumaridi moja nzima, na mji mzima uliliona kuwa ni hazina. Napoleon akalichukua kwenda Paris, na huko ikajulikana kwamba ni kioo. Liliporudishwa Genoa mwaka 1816 lilikuwa limevunjika, lakini wenyewe waliliunga, nalo lingali linahifadhiwa katika kanisa lao kuu. Na kabla ya hapo, katika karne ya kwanza, mwandishi wa Kirumi Pliny alikwisha kuonya kwamba udanganyifu wa zumaridi za bandia una faida kubwa kuliko udanganyifu wote. Kama wakuu walidanganyika, basi msusi wa mikeka wa Bwejuu hana lawama. Huenda na huyo bibi wa jumbani alidhani atoa zumaridi.

Tulipofika nyumbani Mjomba alimweleza Bibi taratibu, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Bibi aliichukua pete, akaivaa, akasema, "Wanangu, mnahuzunika nini? Mimi hii niliachiwa na mama yangu. Nyinyi ndio mliokuwa mkilipigia hesabu jiwe." Kisha akaingia ndani, akatoka na bangili mbili za dhahabu ambazo wengi wetu hatukupata kumwona akizivaa ila siku ya Idi. Alizinunua kwa fedha za mwani. Kilimo hicho kilipoanza pwani yetu mwishoni mwa miaka ya 1980, yeye alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kuingia maji ya kiuno kufunga mbegu kwenye kamba, na kila alipouza aliweka kidogo, mpaka akampelekea sonara. Dhahabu ndiyo iliyokuwa benki yake. Bangili zikapimwa, zikauzwa, ada ikalipwa, na dada yangu sasa yuko mwaka wa pili.

Nilimwomba Bibi anieleze yote tena, nikaandika: bangili mbili za dhahabu, uzito wake kama alivyoukata sonara, mwaka aliozinunua, magunia ya mwani aliyoyauza ili kuzipata, na kazi iliyofanywa kwa thamani yake. Chini yake niliandika habari ya pete: fedha, jiwe la kioo, malipo ya mkeka mmoja, imekwenda kwa wanawake wanne. Mjomba mdogo alipoisoma karatasi hiyo aliomba apewe nakala.

Wanafunzi wenzangu, tumezoea kudhani kuwa historia ya vito ni ya majumba makubwa tu. Lakini zumaridi mbili za mwaka 1842 twazijua kwa sababu karani mmoja aliziandika. Nyumba zetu za Bwejuu, Jambiani, Makunduchi na Nungwi zimejaa vipini, mikufu, mafurungu na vikuku ambavyo vimesomesha watoto, vimenunua ngalawa na vimelipa matibabu, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Siku vikiuzwa, habari zake huyeyuka pamoja navyo katika moto wa sonara.

Kwa hiyo natoa shauri dogo. Skuli ikifungwa, kila mmoja wetu amwendee bibi yake au shangazi yake, amwamkie kwa adabu, na amuulize habari ya kitu kimoja tu anachokivaa: kilitoka kwa nani, mwaka gani, kwa kazi gani, na kilipata kuwekwa rehani mara ngapi. Aandike jina la mwenyewe juu ya karatasi, aandike na tarehe. Ukurasa mmoja wa daftari watosha.