Jani la Ibhucu na Mwiba wa Nyuki



Sisi tuliokulia Tanga hatukumjua mdudu aumaye asiyekuwa na jani lake. Mbu alifukuzwa kwa kivumbasi kilichofikichwa viganjani, na aliyeumwa na nyuki alipakwa ute wa mshubiri. Tulipohamia Marshalltown tulidhani elimu hiyo tumeiacha nyuma, kwani ghorofani kwetu hapakuwa hata na kopo la udongo. Kumbe soko la mitishamba la Faraday, kando ya barabara kuu ya M2, ni mwendo wa miguu tu.

Huko mama mmoja wa Kizulu alituuzia mche wa ibhucu, ambao wataalamu huuita Bulbine frutescens. Majani yake ni membamba na yamejaa maji. Ukilivunja moja hutoka ute baridi, unaofaa kwa ngozi iliyoungua au kuumwa na wadudu. Lugha hatukuelewana. Alijifinya mkono, akavuma kama nyuki, kisha akajipaka ute, tukacheka sote. Mbu wa kiangazi wametufanya tuuheshimu mche ule.

Lakini mwaka jana binti yetu aliumwa na nyuki shingoni, akinywa soda mbele ya jengo. Tukapanda naye ngazi kulitafuta jani, tukapaka, tukapaka tena. Mwiba tukauacha mahali pake, nao huendelea kutia sumu kwa muda usipotolewa mara moja. Mtoto akasema koo lamkaba. Midomo ilikwisha kuvimba, na vipele vimeenea hadi tumboni. Hata hapo bibi yake alitaka tujaribu kitunguu! Jirani ndiye aliyemnyakua mtoto akakimbia naye hospitali, akachomwa sindano ya adrenalini. Daktari hakutukaripia. Aliuliza tu zimepita dakika ngapi, nasi tukaona haya kujibu.

Sasa kwetu mwiba hutolewa kwanza, papo hapo, kwa ukucha. Kisha maji baridi, ndipo ibhucu kwa muwasho. Pumzi ikibana, uso au ulimi ukivimba, au mtu akizirai, hatugusi jani. Twapiga 10177, simu ya gari la wagonjwa. Tumeiandika kwa wino mwekundu na kuibandika kwenye kioo cha dirisha, juu ya kopo la ibhucu. Bibi haipendi karatasi ile. Asema inauzibia mche jua.