Mpeni Huyu Mzee Kazi

Wasee, chuo chetu kinatafuta mtu wa kupanga bustani upya. Mimi napendekeza mzee mmoja anayeuza miche kando ya Ngong Road.

Nilimleta juzi aangalie. Hakutoa hata futi ya kupimia. Alikaa kwenye ngazi za maktaba saa nzima, akitutazama tukipita. Kisha akaniambia, “Kijana, hiyo njia mmeikanyaga kwenye nyasi, iwekewe mawe. Kibao cha nini?” Mikalitusi karibu na kisima akaikataa, eti inakunywa maji sana.

Najua hana karatasi za tenda. Lakini miaka 3 kibao cha “Usikanyage Nyasi” kimenifokea, na yeye ndiye wa kwanza kuangalia tunakoenda. Si mumpe tu kazi?